Chupa ya Mzee Galgalo

Kosa langu la kwanza katika kazi ya utafiti lilikuwa kumgombeza mzee wa watu, mbele ya wodi nzima, kwa sababu alikuwa amekojoa kidogo. Alikuwa mgonjwa wa figo. Huko kukojoa kidogo ndiko kulikomleta kwetu. Ni sawa na kumgombeza kiwete kwa kuchelewa. Lakini wakati ule mimi ndiye niliyekuwa mtu wa chupa, na chupa isiyojaa niliiona kama tusi.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo na vyeti vyenu vya chuo mtacheka. Chekeni tu. Mimi sikuwa na cheti. Nilikuwa mwana wa Chara, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, nimesoma madarasa machache, nikaajiriwa kufagia zahanati ya Garsen miaka ile ya hamsini, na mengine yote nikajifunza kwa kuchungulia. Hadubini nilijifundisha kwa kitabu cha Kiingereza. Nusu yake sikuielewa, na ile nusu niliyoielewa nilikuja kutambua baadaye kwamba niliielewa vibaya. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa wake wa pekee: kila akiamka anaogopa kwamba leo ndipo watamjua. Kwa hiyo niliosha chupa zilizokwisha kuoshwa. Niliziandika majina, nikazifunga nyuzi za rangi iwapo majina yatafutika, kisha nikazipanga kwa urefu. Wagonjwa wakaniita Bwana Chupa. Nilidhani ni heshima.

Utafiti uliletwa na daktari mmoja Mzungu, mrefu, aliyejifunza Kiswahili chake huko Lamu. Neno lake kubwa lilikuwa "ngoja". Ukimwambia mgonjwa fulani amepata nafuu, alijibu, "Ngoja tuone." Ukimwambia chai iko tayari, "Ngoja." Watu wakamwita Daktari Ngoja, naye alijua, wala hakuchukia.

Siku zile figo zikichoka hapakuwa na dawa ya kuzirudisha. Mtu alivimba miguu, akavimba uso, mkojo ukapungua, na jamaa zake wakaanza kuulizana mambo ya urithi. Daktari Ngoja alikuwa amesoma kwamba ng'ambo wagonjwa wa namna hiyo walijaribiwa kwa chakula: wali mtupu, matunda na sukari, bila chumvi, bila nyama, bila samaki, bila maziwa. Baadhi yao uvimbe ulishuka. Akaona kwamba ikiwa dawa ni wali na ndizi, basi pa kuijaribu ni huku kwetu, ambako mchele unatoka Ozi kwa mitumbwi na ndizi zinaoza kwa wingi.

Akagawa wagonjwa mafungu mawili katika banda letu la makuti nyuma ya zahanati. Vitanda vya kamba vya mkono wa kulia vilikuwa vya wali usio na chumvi. Wa mkono wa kushoto walikula kama walivyozoea kwao. Kila mmoja alipewa chupa, aweke humo mkojo wake wote tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Mimi nilipima umefika wapi, kisha nikachemsha kidogo juu ya taa ya spiriti na kutia matone ya siki. Figo mbovu huachia uzito wa damu ukapita, kwa hiyo mkojo wa mgonjwa ulipopata moto uliganda kama ute wa yai. Mkojo mwingi na usioganda ulikuwa habari njema. Mkojo mchache wenye ute ulikuwa habari mbaya. Kazi nzima ilikuwa hiyo.

Lakini jaribuni kuwaambia watu wazima wakuwekee mkojo. Siku za kwanza chupa zilipotea. Chupa yenye kifuniko kizuri ilikuwa mali Garsen, na nyingine nilikuja kuiona dukani kwa Msomali mmoja imejaa samli. Nilisimama nikiitazama samli ile, nikijiuliza kama niseme. Nilisema. Mwenye duka akaigeuza chupa mkononi, akauliza, "Umeosha vizuri kabla ya kuibiwa?" Nikamwapia kwamba hakuna mtu duniani anayeosha chupa kama mimi. Akairudisha rafuni.

Tena wengi wa wagonjwa walikuwa Waislamu, na mkojo ni najisi. Mtu anaogopa tone lisiguse kanzu akakosa sala. Mimi niliwahubiria habari za sayansi. Hawakunisikia. Aliyeniokoa ni Bakari, dresa wetu mkubwa, mfunga vidonda na mpiga sindano, mtu wa Kipini, mnene na mpole, aliyevaa kofia yake hata akiwa ndani ya chumba cha sindano. Aliweka birika la maji kando ya kila chupa, na kipande cha mkeka kuzuia matone yasimrukie mtu. Basi. Kuanzia siku hiyo chupa zikaanza kuja.

"Ndoo hapa, mwanangu," aliniambia kwa lafudhi yake ya pwani, nami nikasogea. "Mtu ukitaka akupe kitu chake cha siri, mpe kwanza maji ya kujitahirishia. Hilo hulikuti kwenye kitabu chako."

Lishikeni hilo. Nimelitumia miaka yangu yote ya kazi.

Sasa nirudi kwa Mzee Galgalo. Alikuwa Muorma, mfugaji, mwenye ng'ombe wengi kiasi kwamba si adabu kuuliza wangapi. Aliletwa kutoka upande wa Minjila na mwanawe, juu ya punda, miguu imevimba hata kubazi, viatu vyake vya ngozi, hazimwingii. Akapangiwa mkono wa kulia, upande wa wali. Nilipomwekea sahani ya kwanza aliiangalia kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake.

"Maziwa wapi?"

"Maziwa hapana, mzee. Daktari amekataza."

"Chumvi?"

"Na chumvi pia."

Akachota punje chache kwa vidole, akazirudisha. "Mimi hapana ndege," akasema.

Asubuhi moja, katika juma lake la kwanza, nikapita kukusanya chupa. Ya Mzee Galgalo ilikuwa na mkojo wa kufunika kitako tu. Siku hiyo daktari alikuwa anangoja hesabu na mimi nilikuwa nimeamka na wasiwasi wangu wa kawaida, nikahisi kwamba chupa ile itasema ni mimi nisiyejua kukusanya. Nikaiinua juu wodi nzima waione.

"Mzee, hii ni nini? Wenzako wote wanajaza. Wewe peke yako ndiye unayeniharibia kazi. Kesho nataka chupa iliyojaa."

Banda likanyamaza. Mzee Galgalo akavuta shuka yake mpaka kidevuni na kutazama ukuta. Katika kitanda kilichomwelekea, mkono wa kushoto, alilala Komora, mkulima wa mpunga kutoka Ozi, Mpokomo mwenzangu, mwenye mdomo usiolala. Hata yeye hakusema neno. Hapo ilinipasa nijue. Komora akinyamaza kuna jambo.

Kesho yake chupa ilijaa.

Nilifurahi kama mwalimu ambaye kiboko chake kimefanya kazi. Siku iliyofuata ikajaa tena. Nikachemsha: ule ute mzito wa mwanzo ulikuwa umepungua, siku nyingine ni ukungu tu. Nikampelekea daktari. Akachemsha mwenyewe, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema "ngoja". Alisema, "Ajabu."

Mizani ya kumpimia mtu uzito ingetuonya, lakini mizani ilikuwa imeanguka mtoni siku ya kuvushwa kwenye pantoni, na ilipoopolewa ilimpima kila mtu uzito mmoja, wa kondoo. Kwa hiyo tulitegemea chupa zangu. Daktari akaamua: mzee aendelee mpaka mvua za kwanza, kisha aende zake na ng'ombe. Naye mzee hilo ndilo alilokuwa akilitaka. Mvua zikinyesha mifugo huondoka bondeni kwenye mbu na matope, ikaenda bara kwenye nyasi mpya, mbali na mto, mbali na sisi. Huko akivimba tena angekufa, na daktari angekuwa ameshaandika kwamba amepona.

Bakari peke yake hakufurahi. Alipita jioni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaubonyeza muundi wa mzee kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Chupa yako yasema amepona," akaniambia. "Mguu wasema hajapona. Mmoja kati ya hawa ni mrongo, na mguu sijauona ukirongopa."

Nilijua mara moja ni nani mrongo. Ni mimi. Nimechanganya chupa. Nilikosa usingizi. Nikabadilisha nyuzi, nikaandika majina upya kwa rangi, nikaanza kubeba chupa moja moja kutoka bandani mpaka chumba cha kupimia, kama mtu anayehamisha mayai. Watu wa sokoni walisimama kunitazama. Haikusaidia. Chupa ilijaa, mguu ukavimba.

Ndipo nikatia tone la mkojo wa mzee chini ya hadubini, na nikaona yai. Yai la kichocho, lenye mwiba mkiani, kisha jingine, kisha mengi. Kichocho hukipata kwa kusimama kwenye maji yaliyotuama, na huku kwetu maana yake ni shamba la mpunga. Sisi Wapokomo tumekuwa nacho tangu utotoni. Nikampeleka daktari aone, nikidhani nimevumbua jambo.

Akatazama, akauliza, "Galgalo amewahi kulima mpunga?"

Bakari akacheka mpaka kofia ikamwendea kando. Kumwuliza Muorma mwenye ng'ombe kama amewahi kuinama kwenye matope na jembe, hilo ulimwulize ukiwa umeshapanda punda wako na uso wa punda umeelekea kwenu.

"Basi," daktari akasema, "huu mkojo umelima. Yeye hajalima."

Kesho yake alfajiri sikungoja waniletee chupa. Niliingia bandani kwa mlango wa nyuma. Nikawakuta wamekaa duara sakafuni, wa kulia na wa kushoto pamoja, chupa ya Mzee Galgalo katikati, na Komora anaipokeza kwa mwenzake kwa heshima zote, amefunga pua kwa kitambaa. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake.

"Mnafanya nini?"

"Tunamchangia mzee," Komora akasema.

"Mnamchangia mkojo?"

"Wewe ulisema ajaze. Ulimwaibisha mtu mzima, mzee mwenye wajukuu. Tungemwacha?"

"Komora, ule ni wa kupima ugonjwa."

"Sikia, ndugu yangu. Wewe ni mtu wa Chara, au umesahau? Mafuriko yakishuka na mtu yuko mgonjwa, shamba lake tunaliacha lilale? Si tunaingia wote tukampandia, maana maji hayamngoji mtu? Sasa shamba la mgonjwa hatuliachi, chupa ya mgonjwa tutaiachaje?"

Mama yangu mwenyewe alipandiwa hivyo mwaka niliozaliwa. Nikamgeukia mzee.

"Mzee, huu si mkojo wako."

"Wangu," akasema.

"Si wako. Ni wa Komora."

Akanionea huruma kama mtu anayemfundisha mtoto. "Mtu akinipa ng'ombe, ng'ombe ya nani?"

"Yako."

"Basi."

Nikakaa chini nami katika duara lile. Nikawaeleza polepole, bila kupaza sauti: chupa ikijaa daktari atamruhusu mzee, mzee ataenda bara na uvimbe ule ule, na huko hakuna wa kumsaidia hata kwa kikombe. Komora akafunua pua. "Hilo hukulisema," akaniambia. "Ulisema jaza." Ni kweli. Sikuwa nimelisema kwa mtu yeyote. Wiki zote zile nilikuwa nimewaeleza kuhusu chupa tu.

Mzee Galgalo alisikiliza mpaka mwisho. "Na chupa yangu mimi," akauliza, "ile kidogo, inasema mimi nakufa?"

Nikasema sijui. Inasema figo zimechoka. Pengine wali ungezipumzisha, ila hatutajua mpaka tuone mkojo wake yeye.

"Nani anakula wali?" akauliza.

"Si wewe?"

Komora akakohoa. Jamani, nao wali walikuwa wanagawana. Yupi angekula samaki wake wa chumvi huku mwenzake wa kitanda cha pili anatafuna wali mtupu akimwangalia? Hiyo si tabia ya watu. Kila sahani ilipofika ilikwenda katikati, mchuzi wa kushoto ukamwagwa juu ya wali wa kulia. Maziwa mke wa mzee aliyaingiza kwa kibuyu ndani ya mtandio wake, na akamwonjesha kila mtu, pamoja na mlinzi. Katika banda lile hapakuwa na mafungu mawili. Palikuwa na sinia moja.

Nilimwendea daktari nikiwa nimejifunza maneno njia nzima, na njia nzima ilikuwa hatua chache. Bakari alinifuata, akasimama nyuma yangu, nadhani ili nisikimbie. Nikasema yote: nilivyomgombeza mzee, chupa ya mchango, sinia. Nilitegemea kurudishwa kwenye ufagio. Daktari Ngoja aliweka kalamu chini, akaweka miwani chini, akaweka na paji la uso chini, juu ya meza. Tulingoja. Mabega yakaanza kumtikisika, nikamwangalia Bakari kwa hofu, kumbe anacheka.

"Mzee huyu," alisema alipopata pumzi, "alikuwa apone wiki ijayo. Nilishachagua siku."

Kisha akaacha kucheka, akauliza jambo ambalo mimi sikulifikiria: je, mzee mwenyewe, akijua yote, anataka kukaa? Tukaenda wote watatu bandani kumwuliza. Mzee Galgalo akawafikiria ng'ombe wake, ikachukua muda maana walikuwa wengi. Akasema atakaa, kwa sharti. Hatakula kama ndege peke yake. Anayetaka yeye ale wali huo, naye aule mbele yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba utafiti wetu ulianza upya kwa namna ambayo daktari alisema wakubwa wake wasingeipenda. Wagonjwa wote walikula wali usio na chumvi, kulia na kushoto, na wahudumu nao tulikula mbele yao. Hapakuwa tena na fungu la kulinganisha nalo. Daktari alisema kulinganisha kutangoja, yeye ndiye mwenye neno hilo. Na yeye alikula, akitia sukari nyingi kwa siri ambayo kila mtu aliijua. Bakari, mtu wa Kipini aliyezaliwa na chumvi ya bahari mdomoni, aliteseka kuliko wagonjwa. Alikuwa akishika kijiko, anafumba macho, anataja samaki mmoja mmoja kwa jina. Mzee Galgalo alimtazama, akala. Nadhani alikula kwa ajili ya ule mchezo.

Waliochangia nao walipata malipo yao. Kwa kuwa kichocho kilikuwa kimeonekana, kila mwenye kikombe alipimwa, na wengi wakaingia kwenye sindano, na sindano za siku zile zilitapisha na kukohoza. Komora alipiga kelele banda zima. "Mnaona? Mnaona? Ukimpa Muorma kitu, serikali inakuja kukudunga." Mzee akamjibu kutoka kitandani kwamba yeye hakuomba ng'ombe mgonjwa.

Chupa yake ya kweli ilirudi kuwa ile ya kitako tu. Nilikuwa naibeba kwa mikono miwili. Siku nyingi haikubadilika. Kisha ikaanza kupanda, polepole, bila mayai ndani yake, na asubuhi moja Bakari akabonyeza muundi, akaondoa kidole, na shimo likajaa lenyewe tukiangalia. Ute haukuisha. Figo zake hazikupona, na daktari aliandika hivyo. Lakini kubazi zilimwingia. Mvua zilikuwa zimeshapita bila yeye, akaondoka na mvua za pili, juu ya miguu yake, na mfuko wa mchele wa Ozi ambao Komora alimpa. Alirudi Garsen misimu kadhaa kupimwa, kila mara ananiuliza kama nimeoa au bado naosha chupa. Halafu msimu mmoja alikuja mwanawe peke yake, na maziwa, akayaweka mbele yangu, nikajua kwamba mzee ametutoka.

Siku hizi mnatoa damu kidogo mkononi na jibu linatoka chai haijapoa. Kuna mashine za kusafisha damu ya mtu ambaye figo zimekufa, jambo ambalo mzee asingelisadiki. Mgonjwa anaelezwa utafiti ni wa nini, anaulizwa kama anataka, na akikataa anatibiwa vile vile. Na akileta chupa nusu, anaandikiwa nusu.